Ungo Juu ya Mashuka

Vigingi vilikuwa vimepigwa katikati kabisa ya majani, vimeunganishwa kwa uzi mwekundu, na Bakoly alikuwa ameshaanza kuving'oa kabla wafuaji wenzake hawajatua mafurushi.

"Nani kaja kupima kaburi hapa?" aliuliza bila kumtazama mtu. Aling'oa kingine, akakitupa mtoni. "Au ni kiwanja cha mtu? Kama ni cha mtu aje, nimfue na yeye."

Wanawake walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kila mmoja alikuwa akiutazama uzi ulivyoyakata majani. Ulianzia kwenye chuma cha bembea za zamani, kile kilichobaki bila viti tangu wao wakiwa wasichana, ukapita pale Bakoly anapoanika mashuka ya hoteli, ukapita pale Harisoa anapoanika nguo za daktari wa meno na familia yake, ukaishia karibu na maji. Ulikuwa umechukua sehemu yote iliyo tambarare. Kilichobaki nje ya uzi ni mteremko wa juu, udongo mwekundu wenye vipara, wanakopita ng'ombe asubuhi wakienda kunywa.

Harisoa alitua furushi lake juu ya jiwe, akarudi njiani kumpokea mtoto. Solo, mumewe, alikuwa ameegesha pusipusi yake, mikono miwili ya kigari imelala chini, na Tafita yuko kwenye kiti cha abiria, amefungwa kwa lamba, kitambaa cha kujitanda, asiteleze. Ndivyo walivyofanya kila siku. Solo alimvuta mtoto mpaka mtoni kabla ya kwenda kutafuta abiria sokoni, na Harisoa alifuata kwa miguu, nguo za watu kichwani.

"Kuna nini huko?" Solo aliuliza.

"Wametuwekea uzi," Harisoa alisema. "Mshike kichwa, nimtoe."

Wakamhamishia kwenye tenga lake. Lilikuwa tenga kubwa la kubebea kuku, ambalo Solo alilikata upande mmoja na kulitandika magunia, na humo Tafita alishinda kutwa akitazama mawingu wakati mama yake anafua. Alikuwa na miaka saba. Mwili wake ulikuwa umekakamaa tangu siku aliyozaliwa na rangi ya zambarau, mkunga akamsugua na kumpiga mgongo mpaka akakata tamaa, halafu mtoto akalia wakati kila mtu chumbani ameshakubali kwamba hatalia. Kwa ajili hiyo wakamwita Tafita, yaani aliyevuka. Miguu yake ilipishana kama mkasi, shingo ilivuta upande wa kushoto, na mikono ilikuwa ngumi, usiku ngumi na mchana ngumi. Wafuaji wote walimjua. Walimwita Bwana Mkubwa. Wakipita na makarai walimsalimia, wakamfukuzia nzi, wakaendelea na safari zao. Hawakuwa wabaya. Alikuwa sehemu ya pale mtoni, kama yalivyo mawe na mafurushi.

Walikuwa hawajamaliza hata kusuuza mzigo wa kwanza, mwenye uzi akaja. Alikuwa Miangaly, mwalimu wa chekechea ya mtaa, mwanamke kijana mwenye kofia ya ukindu na viatu vilivyolowa umande. Wengi pale walikuwa na wajukuu darasani kwake. Alisalimia akianza na wakubwa, akaomba radhi kwa kufungua mdomo mbele ya waliomtangulia kuzaliwa, akaomba radhi tena kwa yale atakayoyasahau.

"Sema tu, mwalimu," Bakoly alimwambia, kibao cha kupigia nguo kikiwa kimetulia mkononi. "Hizo radhi tutazihesabu mwishoni."

Miangaly akasema. Manispaa ya Antsirabe imekubali bustani hii ya zamani irudi kuwa ya watoto. Zitakuja bembea mpya. Patawekwa njia ya udongo ulioshindiliwa, pana, isiyo na ngazi hata moja, ili chochote chenye magurudumu kiweze kupita. Patakuwa na vitu vya kugusa na vitu vya kusikiliza. "Ni kwa watoto wote," alisema. "Hata wasioona. Hata wasiotembea."

"Na sisi tuanike wapi? Kwenye nywele zetu?"

"Kule juu, dada mkubwa. Tutawasaidia kuweka kamba."

"Kule juu wanakunya ng'ombe."

Wanawake walicheka tena, safari hii kwa nafasi. Miangaly naye alitabasamu, na hilo lilikuwa kosa, maana Bakoly hakuwa anatania. Alisimama, maji yakimtiririka viwikoni.

"Mwanangu, sikiliza. Msimu huu mvua inakuja kila alasiri. Majani haya yanatazama jua linapotoka. Shuka nikilianika hapa asubuhi, mawingu yakikusanyika limeshakauka, limeshakunjwa, liko kichwani mwangu naondoka. Kule juu kuna mikaratusi, jua linafika limechoka. Shuka la hoteli likinyeshewa, hoteli haitaki kujua habari za watoto." Alivuta pumzi. "Halafu hao wasiotembea ni watoto gani? Mimi nimezaliwa mji huu, nimezeekea mji huu. Wako wapi?"

Miangaly alisita. Macho yake yalitangulia kabla ya mdomo, yakaenda mpaka kwenye tenga.

"Kama huyo," alisema kwa sauti ya chini.

Wote wakageuka. Harisoa alihisi uso unawaka, kama vile mtu amemfunua nguo mbele za watu. Kwa miaka saba alimleta mwanawe pale na hakuna aliyewahi kumfanya sababu ya jambo lolote.

"Mwanangu hakuomba bembea," alisema. "Umemuuliza, mwalimu? Amekwambia? Basi muache alale."

Wenzake walinung'unika kumuunga mkono, mmoja akampiga bega. Na ili ijulikane yuko upande gani, Harisoa alikwenda kwenye kigingi kilichokuwa karibu naye akakivuta kwa mikono miwili. Kilitoka na bonge la udongo na majani yake.

Jioni, kabla ya kula, aliloweka mikono ya Tafita kwenye bakuli la maji ya moto. Ngumi kama zile hazifunguki kwa nguvu. Ukivuta, zinabana zaidi. Unaanza na kidole cha mwisho, unakingoja ndani ya maji kikubali, ndipo unakwenda kwa kinachofuata. Ndani ya kiganja alikuta nyuzi za lamba, jasho, harufu ya maziwa yaliyochacha. Aliosha kwa kidole chake kimoja, akifanya haraka. Alikuwa hajafikia kupaka mafuta, vidole vikawa vimeshajifunga tena.

Solo alikuwa amekaa kwenye mkeka, anakunywa maji ya ukoko wa wali, miguu yake iliyopasuka ameinyoosha mbele.

"Nasikia watajenga njia ngumu," alisema. "Pusipusi ingefika mpaka kwenye bembea yenyewe."

"Na nguo za watu?"

"Sijasema habari za nguo."

"Hujasema, lakini unasema."

Solo alikunywa kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno aliyaacha kwa abiria wake. "Ule mteremko wa kanisani," alisema, "unajua kwa nini nauteremka mbio?"

"Unawahi sokoni."

"Sokoni kuna cha kuwahi? Tukifika pale juu, kabla hata sijaachia miguu, anaanza kutetemeka. Anapajua. Nikikimbia anatoa sauti. Siyo ya njaa wala ya maumivu. Ni nyingine. Wewe unakuwa nyuma na furushi, huisikii."

Harisoa aliacha kukausha ule mkono. "Tangu lini?"

"Zamani. Alipoanza kukaa kwenye kiti bila kuanguka."

"Na hukuniambia."

"Ungesema nitamwangusha."

Angesema hivyo kweli. Alimalizia kukausha mkono wa mtoto, kidole kwa kidole, akaupaka mafuta kwa nje tu.

Jumamosi Miangaly alirudi na fundi wa kuchomelea, kijana mpole aitwaye Mamy, ili wajaribishe bembea moja kwenye chuma cha zamani. Bakoly alikuwa amepata habari mapema. Alfajiri aliwaambia wafuaji wote waanike kila walicho nacho, na aliyekuwa na nguo chache aloweke mablanketi yake mwenyewe. Jua lilipotoka, majani hayakuonekana. Eneo lote, kutoka mtoni mpaka kwenye chuma cha bembea na kukizunguka, lilikuwa mashuka meupe yaliyogusana pindo kwa pindo. Harisoa alikuwa ametandaza ya kwake pia.

Mamy alivua viatu. Alipita kwenye vinjia vyembamba kati ya shuka na shuka, kwa ncha za vidole, ngazi begani, na wanawake wakimtazama miguu. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa chuma kile hakikuwa chao. Ila hakuna aliyeinama kumpishia hata kitambaa cha mkono. Akapanda, akafunga minyororo, kisha akarudi kwa njia ile ile kuchukua alichokuja nacho.

Kilikuwa duara la chuma lililofungwa kwa vipande vya tairi ili lisimuumize mtu, na katikati limesukwa kwa kamba ya katani, matundu madogo madogo, likabonyea kidogo kati. Mtu mzima angeweza kulala ndani yake. Lilipoinuliwa na kuning'inia juu ya yale mashuka, lilifanana na kitu kimoja tu ambacho kila mwanamke pale alikuwa nacho jikoni.

"Ungo," mmoja alisema.

"Ungo wa kupepetea mchele wa wilaya nzima," akadakia mwingine.

Miangaly alikuwa anatazama njia. Kuna mama alimwahidi kumleta binti yake, Ony, na huyo mama alikuja kweli mpaka kwenye kona ya ukuta, akauona ule umati, akageuza. Mwalimu alimuona akiondoka, mtoto mgongoni, anatembea haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Sasa Ungo ulikuwa unaning'inia mtupu. Upepo uliuzungusha taratibu.

"Mbona mtupu, mwalimu?" Bakoly aliuliza kutoka kwenye jiwe lake. "Umekuja kupepeta nini?"

"Watoto," mmoja wa wanawake alijibu kwa niaba yake, na wakacheka.

"Sawa, watoto. Na wakishapepetwa, pumba ni zipi?"

Kicheko kiliinuka, kikakatika nusu. Mmoja mmoja walilikumbuka tenga. Bakoly mwenyewe alikumbuka, kibao chake kikabaki hewani.

Harisoa alikuwa na mikono kwenye povu. Alisikia lile neno kama anavyosikia mtu jina lake likiitwa katika kundi. Halikuwa limetupwa kwake, alijua. Bakoly alikuwa amemletea uji alipojifungua, na ni Bakoly aliyemfundisha kutia bluu kwenye mashuka yasipate madoa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa limesimama pale. Alisuuza mikono. Akaipangusa kwenye nguo yake, mbele na nyuma, akaenda kwenye tenga.

Tafita alikuwa mzito, na uzito wake haukujikunja kwenye mwili wa anayembeba. Alikuwa kama ubao. Harisoa alimpakata kifuani, kichwa kwenye bega lake, na hapo akagundua kwamba haoni miguu yake mwenyewe. Vile vinjia alivyopita Mamy havikuwa vya mtu mwenye mtoto mikononi. Mbele yake kulikuwa na weupe mtupu mpaka kwenye bembea.

Akakanyaga.

Shuka la kwanza lilikuwa baridi na lilinyonya nyayo zake. Alikuwa ametoka kwenye ukingo wa mto, kwenye tope jekundu. Tangu alipokuwa msichana mdogo anayefundishwa na mama yake kusimama ndani ya maji, hajawahi kukanyaga nguo safi, na miguu yake yenyewe ilishangaa. Kila hatua ilisita kabla ya kushuka, kisha ikashuka. Nyuma yake alama zilibaki moja moja, nyekundu, visigino na vidole. Za kwanza zilikuwa kwenye mashuka yake. Zilizofuata zilikuwa kwenye mashuka ya hoteli.

Bakoly alikishusha kibao.

Alimlaza kwenye Ungo. Mtoto alikaa kama anavyokaa siku zote, mgongo umejikunja kama upinde, ngumi chini ya kidevu, macho yamekazwa. Harisoa aliweka mkono kwenye ukingo wa tairi na mkono haukutaka kusukuma.

"Taratibu, dada," Miangaly alisema kutoka mbali. Hakuwa amethubutu kukanyaga. "Kidogo tu."

Akausukuma kama mtu anavyosukuma mlango wa chumba chenye mgonjwa aliyelala.

Ungo ulikwenda, ukarudi. Tafita alishtuka, mikono ikaruka, mwili ukakaza kuliko mwanzo, na Harisoa akanyoosha mkono kuuzuia. Hakuuzuia. Labda ni kwa sababu ya maneno ya Solo, labda alichelewa tu. Ungo ulikwenda tena, ukarudi, minyororo ikilia pale juu, na kila ulipofika mwisho wa safari yake ulitulia kidogo sana hewani, kama unafikiri, kisha ukashuka. Ilikuwa katika kule kutulia ndipo alipoanza kuona. Shingo iliyovuta kushoto tangu siku ya kwanza ilikuwa inarudi katikati. Hakuna aliyeirudisha. Ilirudi yenyewe, kidogo, ikaenda tena, ikarudi zaidi. Kisha miguu ikaachana. Ile miguu aliyokuwa akiitenganisha kila asubuhi kwa goti lake ili amvalishe suruali, ililala mmoja hapa na mwingine pale, kama ya mtoto yeyote aliyesinzia kwenye mkeka.

Halafu mkono. Kidole cha mwisho kwanza. Harisoa alikijua kidole kile. Kilitoka kwenye ngumi, kikangoja, kikafuata kingine, na kingine, bila maji ya moto, bila mtu kukigusa, mpaka kiganja chote kikawa wazi, kimetazama juu. Kilikuwa na mistari. Kulikuwa na mmoja mrefu uliokatiza kutoka upande hadi upande, kama wa baba yake Harisoa. Alikuwa amekiosha kiganja kile maelfu ya mara, na hakuwahi kukiona kikiwa kikavu.

Mlio ulipoanza alidhani ni chuma. Ulikuwa wa chini, mrefu, ukipanda Ungo unapopanda na kushuka Ungo unaposhuka, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde na hana haraka ya kujibiwa. Alimtazama mwanawe mdomoni ndipo akaamini unakotoka. Alishika mguu wa chuma kwa mkono mmoja, na mwingine ukaendelea kusukuma.

Hakujua Bakoly alifika saa ngapi. Alimkuta tu amesimama upande wa pili, miguu yake nayo juu ya mashuka yake mwenyewe, kibao bado mkononi.

"Anafanya nini?" Bakoly aliuliza kwa mnong'ono.

"Sijui," Harisoa alisema. "Sijawahi kumuona."

Walibaki hivyo. Nyuma yao wanawake wengine walikuwa wameinuka kwenye mawe, mmoja baada ya mwingine, wakasimama ndani ya maji na nguo zinazovuja mikononi. Mmoja alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mamy alikuwa amevua kofia kama aliyeingia kanisani bila kutarajia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa za matofali, likapiga mashuka, na kutoka chini mwanga ulirudi juu ukaingia katika matundu ya kamba, ukampata mtoto mgongoni na tumboni. Ulikwenda naye, ukarudi naye.

"Dada mkubwa," Harisoa alisema mwishowe, "mashuka yako nitayarudia."

"Utayarudia, ndiyo. Yote. Na lile lenye kisigino pale, uliloweke kwanza." Bakoly alichomeka kibao kiunoni. Aliweka mkono wake mpana, uliokunjamana kwa maji ya miaka mingi, kwenye ukingo wa tairi. "Nenda kafue. Mimi nitamsukuma."

Lakini mambo hayakwenda kirahisi hivyo kwa wote. Wanawake hawakuyatoa majani yao bure. Bakoly alimpandisha Miangaly kwenye mteremko, akamsimamisha kwenye kinyesi cha ng'ombe, akamwambia ahesabu mwenyewe marundo yaliyopo. Alikwenda manispaa akiwa amevaa lamba yake ya misibani, akakaa kwenye benchi mpaka wakamsikiliza. Walipata nguzo za chuma na nyaya za kuanikia; njia ya ng'ombe ikahamishiwa ng'ambo; mikaratusi haikukatwa, kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe. Nguo zilichelewa kukauka, kama walivyojua zitachelewa. Wenzao wawili walikusanya makarai yao wakahamia mto wa chini, na mmoja wao, Fara, hakumsalimia Harisoa tena hata wakikutana kanisani. Mvua moja iliyowahi ilizikuta nguo za daktari wa meno kwenye waya, na mke wa daktari akatafuta mfuaji mwingine. Harisoa alilia kwa ajili hiyo, nyumbani, akiwa amempa Solo mgongo. Asubuhi aliamka akaenda kugonga milango ya mtaa mwingine kuomba kazi.

Siku ya kufungua bustani ilikuwa mwezi ambao mijakaranda imemaliza kumwaga maua na barabara zimebaki na rangi yake. Ungo mpya uliwekwa, na wa pili pembeni yake. Palikuwa na ubao wa kuzunguka uliolingana sawa na ardhi, kiasi kwamba kiti cha magurudumu kingepanda bila kujua kimepanda, na mianzi mirefu iliyoning'inizwa ili upepo au mkono uilize. Wafuaji walikuwa kazini kama kawaida. Harisoa alikuwa ndani ya maji mpaka magotini aliposikia kelele kutoka upande wa kanisani.

Solo alikuwa amesema na wavutaji wenzake. Hakumwambia mkewe, kama kawaida yake. Juu ya mteremko ilitokea pusipusi ya kwanza, nyekundu, na kwenye kiti yuko Tafita. Nyuma yake ya bluu, nyuma yake ya njano yenye jogoo aliyechorwa ubavuni, na nyingine, na nyingine, wavutaji wamekunja suruali, peku, wanakimbia, na katika kila moja yuko mtoto. Wengine walikuja kwa miguu kutoka vichochoroni. Bibi mmoja alikuja amemshika mkono mvulana asiyeona, mvulana ametega sikio kwenye ile mianzi tangu mbali. Pacha wawili wasiosikia walikuja wakizungumza kwa vidole kwa kasi ya watu wanaogombana. Baba mmoja alimleta mwanawe kwenye toroli la mchanga, amelitandika mto wa kitanda cha harusi. Palikuwa na msichana mkubwa, karibu kuolewa, amebebwa mgongoni na kaka yake, na ngozi yake ilikuwa imepauka kama mmea uliootea chini ya karai. Alifumba macho kwa sababu ya jua. Hakuyafumbua mpaka alipowekwa chini, na alipoyafumbua alianza kutazama majani.

Bakoly alikuwa ameacha kufua. Alikuwa amesema hakuna watoto hao, na alikuwa amezaliwa mji huo. Harisoa alimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akamsikia akiacha.

"Walikuwa wapi?" Bakoly aliuliza.

Harisoa aliinua uso. Alifikiria nyumba za matofali zilizopanda kilima mpaka juu, madirisha yake madogo, na jinsi alivyopita chini yake miaka yote hiyo na furushi kichwani akidhani ni yeye peke yake.

Ilikuwa katika wiki za baadaye, siku ya kawaida isiyo na sherehe. Jua lilikuwa limekaa vizuri tangu asubuhi na wafuaji walikuwa wameanza kujiamini. Tafita alikuwa kwenye Ungo pamoja na Ony, yule binti ambaye mama yake siku ile aligeuzia kwenye kona. Walilazwa kichwa huyu, miguu yule, kwa kuwa ndivyo Ony alivyotaka. Yeye alikuwa na maneno mengi na alimwambia Tafita habari zote za nyumbani kwao, na Tafita alimjibu kwa mlio wake. Mama yake Ony aliwasukuma, akaenda kuchota maji, akarudi, akawasukuma tena.

Wingu lilitokea nyuma ya milima bila kuonya. Wanawake walipiga kelele, wakakimbilia mteremkoni, na nyaya zikaanza kuvuliwa. Harisoa alivuta shuka baada ya shuka mpaka mikono ikajaa na kidevu kikashikilia rundo. Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Miaka yote, tone la kwanza lilikuwa na maana moja kwake: nguo ngoja, mtoto kwanza, funika tenga. Aligeuka na rundo lake akashuka mteremko mbio, akiteleza, akiita jina la mwanawe, amelenga kumtupia chochote kilicho juu ya rundo.

Karibu na bembea alisimama.

Mama yake Ony alikuwa amesimama pia, ndoo mkononi, maji ya mvua yakiingia ndani yake. Hakuna aliyekuwa anausukuma Ungo. Ulikuwa unakwenda kwa nguvu iliyobaki. Ony alikuwa kimya kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tafita alikuwa amelaza kichwa nyuma, uso wote ameutoa juu, na mvua ilikuwa inamwangukia kwenye paji, kwenye kope, kwenye meno. Hakuwa amefumba macho. Alitoa ulimi. Tone lilimkosa, lingine likampata, na akaurudisha ulimi ndani taratibu, akafikiri, kisha akautoa tena.

Mashuka yalizidi kuwa mazito mikononi mwa Harisoa. Kule juu Bakoly alikuwa anamwita kwa jina. Ungo ulikwenda, ukarudi, na mvua ndani yake.